Siku Bahari Ilipomfukua Mama

Baba hakuwa mtu wa simu. Alikuwa nayo ndogo ya vitufe, lakini muda mwingi ilikaa imezimwa mfukoni mwa kanzu yake, na akitaka kunisalimia huku Mitwero alisubiri mtu anayekuja Lindi amwagize. Kwa hiyo asubuhi ile simu yangu ilipoita nikaona ni yeye, niliacha cherehani palepale, sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba. Nyuma yake nilisikia upepo na sauti za watu wengi.

"Mwanangu, njoo," akasema. "Mama yako ametoka."

Mama alikuwa amefariki mwaka juzi. Mimi mwenyewe nilimwosha.

Nilimuuliza ametoka wapi, nikidhani sikusikia vizuri, au kwamba umri umeanza kumchezea akili. Akanieleza taratibu, kwa sauti ileile anayotangazia misiba msikitini. Bamvua la usiku, yale maji makuu ya bahari, lilikuwa kubwa, upepo wa kusi ukalisukuma, maji yakaingia makaburini na kuukata ukingo. Makaburi ya safu ya chini yamefunguka, na la mama ni mojawapo. Wanaume wanaokota wanaume wenzao. Wanawake wanahitaji wanawake wa kuwashika, na shangazi yangu yuko peke yake na wawili watatu tu wenye moyo wa kazi hiyo.

"Njoo na sanda," akamalizia. "Huku madukani kitambaa cheupe kimekwisha."

Mimi ni fundi wa nguo. Nilikuwa na jora la kitambaa cheupe ambalo nilikuwa nimeanza kulikatia kanzu za Idi. Nililikunja vilevile lilivyokuwa, nikaliweka kwenye mfuko wa rambo, nikamwachia jirani funguo na kwenda kusimama barabarani. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi ambaye uso bado haujaanza kuuma.

Ndani ya basi la kuelekea Kilwa ndipo nilipoiona ile video. Kijana mmoja wa kijijini alikuwa ameirusha kwenye kundi letu la wenyeji tunaoishi mbali. Ilikuwa fupi, inatikisika. Mchanga mweusi, mbao za viunza, zile za kufunikia maiti kaburini, zimetoka nje kama meno, maji ya bahari yakiingia na kutoka kwenye shimo refu, na kwenye shimo lile kitu cheupe. Chini yake watu walikuwa wameshaandika inna lillahi, na wengine wameweka alama za vilio. Niliizima simu. Abiria wa pembeni, mama mmoja aliyekuwa anakwenda Nangurukuru, aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ninakwenda kuzika. Akanipa pole, akaniuliza ni nani. Ningesemaje kwamba ninakwenda kumzika mtu niliyekwisha kumzika?

Kijiji chetu kiko upande wa Pande, kati ya mashamba ya mikorosho na bahari. Zamani mtu akitoka kijijini kwenda ufukweni alipita kwanza msikiti wa udongo, kisha makaburi, kisha mikoko. Bahari yenyewe ulikuwa huioni. Uliisikia tu nyuma ya miti, na maji yakijaa uliona yakipenya kimyakimya katikati ya mizizi hadi yakagusa nyasi za kwanza za makaburini, yakaishia hapo. Tulikua tukidhani hiyo ndiyo tabia ya bahari ya kwetu, kwamba ni bahari yenye adabu.

Mtoto wa baba yangu mkubwa, ambaye mimi namwita kaka, alikwenda Dar es Salaam akiwa kijana na Mungu akamfungulia riziki katika biashara ya vifaa vya ujenzi. Hakutusahau. Baba yake alipofariki alikuja kuzika, akaswali katika ule msikiti wa udongo huku mvua ikimdondokea mgongoni, na kabla hajaondoka aliweka nia ya kujenga mwingine. Na kweli akaujenga. Una ghorofa moja, una vigae, una madirisha makubwa ya kioo na feni za dari, na mnara wake unaonekana kutoka mashambani. Kwa watu wa kwetu, ambao waliofika mbali walikuwa wamefika Lindi mjini, lilikuwa jambo la kutoa machozi.

Siku moja ujenzi ukielekea kwisha, kaka alipanda ghorofani akasimama kwenye dirisha la mashariki. Alichokiona ni majani ya mikoko. Akasema mbele ya baba na kamati nzima ya msikiti, "Mtu akimaliza kuswali aone uumbaji wa Mungu. Hapa anaona kichaka na mbu."

Hakuna aliyepinga. Mbu walikuwepo kweli, na harufu ya tope maji yakikupwa ilikuwepo. Baba yangu, ambaye ndiye imamu, aliulizwa kama kuna ubaya wowote kisheria. Akafikiri, akasema haoni. Ikapangwa siku ya msaragambo. Mimi nilikuwa nimekuja kwa likizo fupi na ninaikumbuka vizuri. Vijana waliingia na mashoka na msumeno wa mashine ambao kaka aliuleta na fundi wake. Baba alisimama ukingoni akainua mikono akaomba dua, watu wakaitikia amina. Mti wa kwanza ulipoanguka walipiga takbiri. Sisi wanawake tulipika pilau, na kuni zilikuwa za mikoko ileile. Mama alizisifu. Alisema hajawahi kupata kuni zenye moto mzuri namna ile, hazitoi moshi, sufuria inatulia. Alibeba mzigo mkubwa akaweka akiba nyuma ya nyumba yetu.

Jioni yake tulipanda wote juu, wanawake kwa zamu yetu, kwenda kuangalia. Bahari yote ilikuwa wazi, ya bluu, hadi mwisho wa macho. Upepo ulipita kwenye madirisha ukatupeperusha mitandio. Tulikaa pale tukicheka kama watoto.

Mwaka haukuisha mama akaugua, akafa. Alizikwa safu ya chini, karibu na mama mkwe wake, kama alivyotaka.

Bodaboda iliniteremsha mbele ya msikiti. Watu wengi walikuwa wamesimama, na walipouona mfuko wangu wakanipisha. Nilipita makaburi ya juu, yale ya zamani, yakiwa salama. Kisha ardhi ikaisha. Palipokuwa na mteremko wa nyasi palikuwa na ukuta wa mchanga uliokatwa wima, kama mtu amekata mkate kwa kisu, na chini yake bahari imerudi nyuma, imetulia, inang'aa. Kwenye ule ukuta yalionekana makaburi kwa ubavu. Ninasema hivyo kwa sababu sijui namna nyingine ya kusema. Uliona mwanandani baada ya mwanandani, vishimo vyeusi vya kulazia maiti vilivyopangana, na vingine havikuwa na kitu.

Baba alikuwa amesimama mwisho wa safu, amegeuzia mgongo bahari. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi. Hakunipa pole. Alinionyesha tu kwa kidevu pale shangazi alipokuwa amechuchumaa, wanawake wawili wakimkingia kwa kanga walizozishika huku na huku.

Nilikuwa na tamaa moja tu: kwamba pengine wamekosea, pengine si yeye. Mchanga umechanganyika, mbao zimechanganyika, nani anaweza kujua? Nilimwuliza shangazi amejuaje. Alifunua pembe ya kitambaa, nami nikaiona misuko.

Mwanamke akioshwa kwa mara ya mwisho, nywele zake husukwa mikia mitatu na kulazwa nyuma. Mama alikuwa na nywele nyingi, zenye mvi za mbele tu, na mimi ndiye niliyemsuka siku ile, nikifunga mwisho wa kila msuko kwa uzi mweupe wa cherehani kwa sababu sikupata kitu kingine. Misuko ilikuwepo. Nyuzi zilikuwepo. Mengine yote yalikuwa yamebadilika, siyaandiki hapa, lakini nywele zilikuwa zilezile na zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

Shangazi alinigusa bega.

"Shika upande huu," akasema. "Na ukilia, geuza uso. Machozi yasimdondokee."

Tulimwokota. Nasema tulimwokota kwa sababu hatukumnyanyua kama nilivyomnyanyua mara ya kwanza. Shangazi alinikumbusha kwamba hakuna haraka, kwamba mfupa wa aliyekufa una heshima ya mfupa wa aliye hai na hautakiwi kuvunjika mikononi mwetu. Kwa hiyo tulichambua mchanga kwa vidole, taratibu, kama mtu anayepembua mchele. Kila tulichokitoa tulikilaza juu ya kitambaa nilichokuja nacho. Mara moja wimbi dogo lilifika hadi miguuni petu na mmoja wa wale wenye kanga akarudi nyuma akipiga yowe. Shangazi hakusogea. Mimi niliutazama ule ulimi wa maji ukija, ukizunguka magoti yangu, ukirudi na mchanga, na nikaingiwa na jambo ambalo sijawahi kulihisi tena: niliichukia bahari, kama mtu anavyomchukia mtu.

Tulipomaliza, mzigo wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba baba aliupokea peke yake. Aliukumbatia kifuani. Alipanda nao hadi shambani kwetu, kwenye mikorosho, ambako wanaume walikuwa wamechimba makaburi mapya, akashuka nao kaburini yeye mwenyewe kwa umri wake ule, na watu wakalazimika kumvuta kumtoa.

Kaka alifika alasiri. Video ile ilikuwa imemfikia Dar es Salaam, akaendesha gari bila kupumzika. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya msikiti, nguo zangu zimekauka chumvi, nikamwona akishuka na kuacha mlango wa gari wazi. Alimpa baba shikamoo, kisha akauliza swali moja.

"Baba mdogo, baba yangu yuko wapi?"

Nilijua jibu na nilitamani niondoke nisilisikie. Baba mkubwa alizikwa safu ya chini kabisa, mbele ya mama. Safu ile haikuwepo. Haikuwa imefunguka, haikuwa imebomoka. Haikuwepo, ilikuwa imekwenda yote na mti uliokuwa umepandwa kichwani pa kaburi lake. Vijana walikuwa wametafuta tangu alfajiri wakapata ubao mmoja tu wa kiunza, na hakuna aliyeweza kusema ni wa nani.

Baba akamshika mkono wakashuka pamoja hadi ukingoni. Nilimwona akimwonyesha mahali, si ardhini bali hewani, juu ya maji, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba iliyo ng'ambo. Kaka alivua viatu. Akaingia baharini na suruali yake nzuri hadi magotini, akainama, akaanza kupapasa chini kwa mikono. Watu wazima walisimama wakimtazama. Alipapasa mpaka maji yalipoanza kupanda, na hapo baba akamfuata, akamwambia inatosha.

Siku zilizofuata kijiji kilikuwa kama nyumba yenye ugonjwa. Watu waliongea kwa sauti za chini na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Wazee walisema ni kadari, na kadari haiulizwi. Mwalimu wa sekondari alisema bahari zinapanda dunia nzima kwa sababu ya moshi wa viwanda vya nchi za mbali, na kwamba sisi ni waonewa tu. Kijana mmoja aliyesoma dini mjini, mwenye ndevu nzuri na elimu yake, aliposikia watu wanataja mikoko alikasirika. Alisema kuililia miti ni kurudi kwenye mizimu ya mababu, na kwamba Mwislamu halindwi na majani bali na Mola wake. Watu walinyamaza kwa sababu walimwogopa kidogo.

Kaka alisema ataleta mafundi wajenge ukuta wa zege, mrefu, wa kutoka msikitini hadi mwisho wa makaburi. Alilisema hilo mara nyingi, kwa kila aliyemkuta, kama mtu anayejisemea. Mmoja wa mafundi wake alikuja, akapima kwa macho, akatingisha kichwa. Alisema ukuta ukisimama hapa maji yatapiga na kwenda kuchimba pembeni, kwenye nyumba za watu. Kaka akamfukuza, kisha akamwita tena kwenye simu akamwomba radhi. Nilisikia mwenyewe.

Ijumaa ilifika. Msikiti ulijaa hadi nje. Sisi wanawake tulikuwa ghorofani, karibu na yale madirisha, na nilichagua kukaa mahali ambapo sitaiona bahari. Baba alipanda mimbari akiwa na fimbo yake. Alianza kama kawaida, akamsifu Mungu, akamswalia Mtume. Kisha akawatazama watu safu kwa safu.

"Siku ya kukata mikoko," akasema, "mimi ndiye niliyeomba dua. Nilitaja jina la Mwenyezi Mungu juu ya shoka. Sikuuliza ile miti ilikuwa inafanya kazi gani pale."

Sijawahi kumsikia baba akijisema mbele za watu. Alikuwa ameongoza swala kijijini pale tangu kabla sijaolewa, na watu walizoea kumwona kama nguzo ya jengo. Shangazi, aliyekuwa kando yangu, alishika paja langu akalibana kwa nguvu.

Aliendelea bila kupandisha sauti. Alisema ni kweli kila kitu ni kadari, na ni kweli kwamba bahari zinapanda kwa mikono ya watu tusiowajua, lakini Mungu hatamwuliza yeye juu ya moshi wa watu wengine, atamwuliza juu ya ukingo huu. Alisema sisi tumeachiwa ardhi kama mtu anavyoachiwa mali ya mwenyewe aliyesafiri, tule, tutumie, tusiharibu, kwa sababu mwenyewe atarudi aikague. Kisha, bila kumtazama yule kijana wa ndevu, alisema Mtume wetu aliuwekea mji wa Madina mipaka, akakataza miti ya ndani yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe, na hakuna aliyemwambia kwamba anaabudu miti. Akakumbusha pia jinsi Mtume alivyopita kwenye makaburi mawili akachukua tawi bichi la mtende, akalipasua, akachomeka kila kaburi kipande, akitaraji waliomo wapunguziwe adhabu maadamu halijakauka.

"Wafu wetu walikuwa na msitu mzima mbichi miguuni pao," akasema. "Hatukuombwa hata kuupanda. Tuliombwa tuuache."

Hapo sauti ilimkatika. Akaegemea fimbo. Kisha akakaa kile kikao kifupi cha katikati ya hutuba, akainuka, akamalizia kwa dua na kushuka kuswalisha. Katika rakaa ya pili alisoma sura fupi kuliko zote anazozisoma.

Baada ya swala kaka hakutoka. Niliteremka nikamkuta amekaa peke yake mbele, chini ya feni aliyoinunua yeye, anaifuata kwa macho ikizunguka. Nilikaa mbali naye kidogo. Nilikuwa nimebeba maneno makali tangu siku ya kwanza na nilikuwa nimeyapanga. Nilitaka kumwuliza kama dirisha lake limemtosha. Lakini aligeuka akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nywele za mama zilikuwa zimebaki kweli, maana alisikia watu wanasema. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Wewe umepata hata nywele." Maneno yangu yote yakanipotea.

Baba alikuja akakaa kati yetu. Kaka alimwuliza kama kuna swala au kisomo cha mtu ambaye kaburi lake limechukuliwa na bahari. Baba akamwambia baba yake hajapotea kwa aliyemuumba, amwombee popote alipo, na dua haihitaji kuona jiwe. Kaka akauliza tena kama kuna faida yoyote kupanda upya, kwa kuwa mikoko ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko babu yetu na sisi hatutakuwepo kuiona ikisimama. Baba alimwambia Mtume alifundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande.

Tulipanda maji yalipokupwa sana. Mbegu za mkoko ni ndefu, zinaning'inia mtini kama maganda ya mlonge, na wanawake wanaochokoa chaza walikwenda kuzichuma upande wa pili wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambako miti ilikuwa imebaki. Zinachomekwa kwenye tope, ncha ikiwa chini. Hakuna kazi rahisi kama hiyo, wala yenye kuchosha kama hiyo. Kaka alikuja na buti mpya za mpira, na hatua chache tu tope likazimeza zote mbili, akabaki peku. Hakuna aliyecheka. Shangazi alimwonyesha namna ya kusimama asizame. Yule kijana wa ndevu alisimama ukingoni muda mrefu akitutazama, kisha akaondoka.

Nisingependa mtu adhani kwamba mambo yalinyooka. Nyingi kati ya mbegu zile zilisombwa na mawimbi kabla hazijashika. Kaa walikata nyingine. Mbuzi wa jirani waliingia wakala zilizochipua, na ugomvi wake ulifika hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Tulipanda tena, na mara hii shangazi na wenzake walianzia sehemu yenye tope zito, wakaliacha lile eneo la mchanga mbele ya msikiti kwa sababu pale haziwezi kushika. Zilizoshika sasa zinanifika kiunoni. Baba na kamati walitangaza kwamba kuanzia ukingo hadi kwenye hori ni eneo la msikiti, haukatwi mti, hauchomwi mkaa, na wengi wanaliheshimu. Si wote. Nimewahi kuona kisiki kibichi, na hakuna aliyesema ni cha nani.

Makaburi yote ya safu za chini yamehamishiwa shambani kwetu, na baba ameiandika sehemu ile wakfu. Msikiti bado umesimama. Maji ya bamvua sasa yanafika kwenye ngazi za nyuma, na kuna ufa mdogo kwenye ukuta wa mahali pa kutilia udhu, ambao kila nikienda naukuta umeongezeka. Baba anaswalisha humo hivyo hivyo. Nilimwuliza kama haogopi. Akasema anaogopa kila siku.

Mimi nimerudi Mitwero kwenye cherehani yangu. Watu huniambia muda unaponya, na huenda ni kweli kwa misiba mingine. Mimi bado nikisikia redioni wanataja upepo mkali wa pwani naacha ninachofanya na kumpigia baba, ambaye siku hizi simu haizimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Nilifika maji yakiwa yamekupwa, nikapita makaburini kumsomea babu, na huko mbali, ng'ambo ya miche, nikamwona mtu mzima amevaa kanzu aliyoifunga kiunoni, anatembea polepole ufukweni, kichwa chini. Alikuwa kaka. Shangazi ameniambia kwamba kila akija kutoka Dar es Salaam hufanya hivyo kabla hajaingia nyumba yoyote. Anazifuata alama za maji, anageuza kila kipande cha ubao. Nilimwita. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakaingia katikati ya miche bila kelele, na mimi nikasimama pale nikimwita tena na tena mpaka akageuka.